Toa Vibanio, Denzil

Port Carrow, Australia Kusini
10 Januari 1943

Kaka Alwyn,

Nakusalimu kutoka jikoni, mahali pekee penye ubaridi kidogo leo. Jua limewaka hadi kuku wamelala wametanua mabawa, ukiwatazama utadhani wamekufa. Sisi wawili wazima. Baba anakohoa kama siku zote, vumbi la mgodi halijamtoka kifuani, lakini shayiri tumeshavuna na hakuna aliyemsikia akilalamika isipokuwa mimi, na mimi, asema, sihesabiki. Krismasi nilioka keki ya zafarani. Zafarani yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi, keki ikatoka na rangi ya wali mkavu. Baba akala, akasema ni nzuri. Ndipo nikajua anakuwaza wewe, maana hajawahi kuisifu keki yangu tangu nizaliwe.

Posta tumebaki mimi na Bwana Teague. Mimi ndiye ninayekaa siku nzima kwenye mashine ya simu za maandishi, ile inayogonga herufi, kwa hiyo kila habari ya mji huu hupita vidoleni mwangu kabla haijamfikia mwenyewe. Habari za vifo hatuzipeleki sisi. Tunamwita Mchungaji, naye ndiye anayekwenda kugonga mlango. Maskini hawezi tena kutembea kwa amani. Wanawake wakimwona huacha kazi na kusimama kimya mpaka apite nyumba yao. Siku hizi akitoka kwa mwuza nyama hukishika kifurushi juu, mbele ya kifua, watu waone ni nyama tu.

Ile ya Denzil Rodda ilifika tarehe kumi na tisa Desemba. "Ametoweka vitani." Haikusema zaidi. Tangu siku hiyo Mama Denzil huja posta kila asubuhi tukifungua. Hununua stempu moja. Haulizi kitu. Hunitazama usoni, kisha huenda zake.

Kaka, wewe na Denzil mko kikosi kimoja cha simu. Barua yako ya mwisho ilisema mnalala shimo moja na kula sufuria moja, na kwamba yeye hukoroma kwa Kikornwall, lugha ya mababu zetu wa Uingereza. Kwa hiyo wewe unajua. Niambie nimwambie nini.

Dada yako,
Merle


New Guinea
21 Februari 1943

Merle mdogo wangu,

Barua yako ilifika imelowa, nikaikausha juu ya kifuniko cha sufuria, sasa inanuka nyama ya kopo. Mimi ni mzima. Huku mvua haipigi hodi. Ukivua kiatu, soksi hutoka pamoja na kipande chako mwenyewe. Tunakula nyama ya kopo na biskuti ngumu, na siku ya sherehe tunakula biskuti ngumu na nyama ya kopo.

Wenyeji ndio wanaotubebea magurudumu ya waya kwenye matope ambayo sisi tunazama hadi kiunoni. Mmoja, jina lake Embogo, amenifundisha kuuning'iniza waya kwenye matawi kwa kamba za mwitu ili usikanyagwe. Amenifundisha bila neno moja tunaloelewana na bila kunicheka. Au labda alicheka nilipogeuka.

Mwambie Baba ile kazi aliyotufundisha mezani, akigonga herufi kwa kijiko, bado inanilinda. Tulipewa vijana wapya. Wengi wao wanasikiliza kwa masikio tu. Baba alitufundisha kusikiliza kwa mgongo.

Mwambie pia asipande ngazi kusafisha mfereji wa paa. Najua atapanda. Mwambie hata hivyo.

Kuhusu Denzil, jeshi limeshasema yote ninayoweza kusema. Luteni wetu, mtu mwema sana, husoma barua hizi kabla hazijafungwa, nami nisingependa kumchosha.

Nitumie soksi.

Alwyn


Port Carrow
6 Aprili 1943

Kaka Alwyn,

Natumai miguu yako bado ina ngozi. Nakutumia soksi jozi nne. Tatu nimefuma mimi. Ya nne amefuma Baba, akakataa kuonyeshwa namna, na kila soksi ina visigino viwili. Anasema uchague kimoja. Na ngazi alipanda.

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu.

Tarehe thelathini Machi, saa tatu asubuhi, mashine iliita. Unajua jinsi neno linavyokuja kwenye waya: haliji zima, huja herufi moja moja, na mkono huandika kabla moyo haujaelewa. Ilikuja R. Ikaja O. Ilipokuja D, niliinua macho, na Mama Denzil alikuwa amesimama mbele yangu kwenye kaunta, amevaa kofia yake ya kanisani, anangoja stempu yake. Kati yetu palikuwa na ubao wa upana wa mkono mmoja. Mkono wangu uliendelea kuandika. Mwili wake umepatikana. Imethibitishwa ameuawa.

"Mashine ina maneno mengi leo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ya nini?"

"Ya shayiri," nikasema.

Nilikula kiapo, kaka. Karani wa simu hamwambii mtu yaliyomo, hata mwenyewe, mpaka karatasi ifike kwa njia yake. Nikampa stempu. Nikakunja karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikatuma aitwe Mchungaji. Mchungaji alikuwa shambani kwa mgonjwa, mbali, na hakurudi mpaka saa kumi. Saa saba nzima mama yule alikuwa hajui na mimi nilikuwa najua. Saa sita nilipita kwake nikiwa nakwenda nyumbani kula. Alikuwa anaanika mashati ya Denzil. Huyafua kila wiki, yasikae yakanuka sanduku. Aliniinulia mkono. Na mimi nikainua wangu.

Wiki nzima nimejiuliza mimi ni mtu wa namna gani. Kama ningefungua mdomo ningekuwa karani mbaya. Nilifunga, na sijui nimekuwa nini. Nakueleza wewe kwa sababu nadhani wewe pia una jambo ulilolitia kwenye bahasha. Nakufahamu. Ukiwa huna la kuficha, barua yako huwa na malalamiko zaidi.

Merle


New Guinea
2 Mei 1943

Merle,

Soksi zimefika. Zile za visigino viwili ndizo nizipendazo, kimoja kikitoboka nageuza.

Siku ile ulifanya kazi yako. Sisemi hupaswi kuumia. Nasema ulifanya kazi yako.

Nina homa kidogo.

A.


Port Carrow
30 Mei 1943

Kaka Alwyn,

Uliandika "homa kidogo", kisha wiki nne kimya. Kama ungeandika "homa kali" ningelala vizuri zaidi.

Na nishani je? Tumeisoma gazetini kama watu wengine. Bwana Teague aliisoma kwa sauti pale posta, watu wakavua kofia. Askari wa simu Alwyn Nankivell, siku mbili bila kulala, alitoka mara tisa chini ya mizinga ya adui kuunganisha waya, na kwa ajili ya waya huo watu tisini waliozingirwa wakatolewa wakiwa hai. Baba aliikata habari hiyo akaitia kwenye Biblia, halafu akaona Biblia ni mbali, sasa anaibeba ndani ya kofia. Akikutana na mtu anavua kofia kumsalimu, na karatasi inadondoka, naye anajifanya ameshangaa. Bendi ya kanisa inajifunza wimbo wa kukupokea. Wapiga tarumbeta wawili hawasemezani, kila mmoja anataka kusimama mbele.

Mimi nimejivuna hadi siwezi kukaa kitako. Nataka ulijue hilo kabla ya linalofuata.

Mama Denzil alikuja kutupongeza. Alimshika Baba mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Umelea mtu." Alikunywa chai yote, mpaka chini. Nilipomsindikiza, alisimama langoni. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mtu aliyetoka mara tisa ameiona njia yote. Simlaumu kwa lolote. Nataka kujua jambo moja tu: mwanangu alisema chochote? Mwulize. Akisema hapana, nitanyamaza mpaka nife."

Basi nakuuliza, Alwyn. Si mimi tena ninayeuliza.

Merle


Hospitali ya Jeshi, Queensland
19 Juni 1943

Merle,

Barua hii inabebwa mfukoni na mtu wa Kadina, mji wa huko kwetu, anayekwenda likizo, kwa hiyo haijasomwa na mtu. Luteni wetu anayesoma barua zetu ndiye aliyeandika zile sifa zangu. Ningewezaje kuandika mbele ya macho yake kwamba karatasi yake imeacha nusu ya habari? Malaria imenishusha hadi mifupa, lakini wauguzi wa hapa ni wakali na nimeanza kula. Mwambie Baba kofia ni ya kichwa.

Sasa soma polepole.

Sisi tulipokezana: mmoja anakaa shimoni kwenye ubao wa simu, mwingine anatoka kuunga. Asubuhi ile zamu ya kutoka ilikuwa ya Denzil. Waya wetu ulikwenda mbele kwa afisa aliyekuwa pamoja na wale watu tisini. Yeye ndiye aliyeona adui yuko wapi, na kupitia kwetu aliwaambia watu wa mizinga walenge wapi. Waya ulipokufa, Denzil alitoka akiufuata kwa mkono. Anayetoka hubeba simu ndogo yenye vibanio viwili. Akishaunga, anauma waya kwa vibanio na kuita, ajue kama kazi yake imeshika.

Baada ya robo saa nikamsikia. "Posta," akasema, ndivyo alivyoniita tangu upate kazi yako, "duka limefunguliwa." Kisha akasema amepigwa pajani na yuko chini ya mti mkubwa ulioanguka. Alisema kama mtu anayeagiza chai. Nikamwambia nakuja. "Kaa hapo, mjinga," akasema. "Nani atashika ubao? Bibi yako?" Halafu akasema, "Al, mambo yakiharibika, mwambie mama..."

Hapo yule afisa akaingia kwenye laini akiita mizinga. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Wewe unajua sababu: simu ya tatu ikiuma waya mmoja hunyonya nguvu za zile mbili, na waya ule ulikuwa umelowa na umeungwa mara nyingi mno. Sikuzisikia tarakimu zake za mahali pa kulenga. Tarakimu moja ikikosewa, makombora yetu yangewaangukia watu wetu.

Nikasema, "Toa vibanio, Denzil."

Sikusema tafadhali. Sikusema subiri kidogo. Akajibu, "Natoka." Nikasikia kibanio kikiachia, na sauti ya afisa ikajaa sikioni. Nikapokea tarakimu zote, nikamrudishia moja moja, akasema sawa, nikazipeleka.

Asubuhi ile nilipokea ujumbe wa kila mtu isipokuwa wa Denzil.

Dakika kumi baadaye laini ilikatika tena. Nikampa ubao mwenzetu aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kutoka nyuma, nikatoka. Kabla sijafika mbali akaniita kwamba imerudi yenyewe. Waya haujiungi wenyewe, lakini wakati ule sikufikiri. Niliendelea hadi kwenye mti. Damu ilikuwapo, yeye hakuwapo. Wameandika nilitoka mara tisa kwa ajili ya waya. Waya niliuunga, ni kweli, maana kila nilipopita ulikuwa umekatika mahali. Lakini mara zote tisa nilikuwa namtafuta yeye, upande wa nyuma, njia ambayo majeruhi yeyote angetambaa.

Mwezi Machi watu wa kikosi kingine walimkuta kwenye kinamasi. Alikuwa mbele ya ule mti. Mmoja wao ni mtu wa simu kama sisi. Alikata kipande cha waya kilichokuwa chini ya mkono wa Denzil, akanitumia. Nimekitia humu. Tazama utepe unaofunika kiungo ulivyozungushwa: umekwenda kushoto. Kikosi kizima ni Denzil peke yake aliyefunga hivyo, na sajenti alimfokea kwa hilo mwaka mzima. Ule mkato wa pili aliuunga yeye, Merle. Nilimtoa kwenye laini, naye akatambaa mbele na mguu ule, akaiunga. Na hakuita kujaribu, kwa sababu nilikuwa nimemwambia atoe vibanio.

Utepe wa nishani wamenipa. Uko ndani ya soksi. Sitauvaa kabla Mama Denzil hajajua. Kama aambiwe au asiambiwe, amua wewe uliye karibu naye. Akitaka kunilaani, usimkatize. Mwache amalize.

Alwyn


Port Carrow
4 Julai 1943

Kaka yangu Alwyn,

Tunashukuru kwa kila kijiko cha uji unachokula huko. Hapa mvua imekuja, na shayiri mpya imetoka ardhini urefu wa kidole. Baba hajui habari ya barua yako. Nimemwambia tu unapona, akaenda nje kukohoa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji.

Nilikwenda kwa Mama Denzil Jumapili baada ya ibada. Sikutaka kumsomea pale posta, na ubao ule kati yetu. Alikuwa anakata mizizi ya turnipu ya kutia kwenye andazi la nyama, akanipa kisu na mimi nikate. Nikaona siwezi kuanza na lako kabla sijalitoa langu. Nikamwambia habari ya tarehe thelathini Machi, na vipande vyangu vikawa vya ajabu.

Hakuinua macho. "Shayiri mwezi Machi, binti?" akasema. "Mimi nimelima shayiri miaka thelathini. Machi hata panya hawaizungumzii."

Nikamwuliza kama alijua tangu saa tatu ile.

"Nilijua. Nikaenda kufua. Ulitaka nikae nikutazame ukilia juu ya mashine ya serikali?"

Basi nikasoma. Sikuruka neno, hata la bibi yako. Nilipofika pale aliposema "mwambie mama," aliinua mkono wenye unga, nikaishia hapo. Kisha akasema, "Endelea," nikaendelea mpaka mwisho, na ule mstari wa laana nikausoma pia.

Alikaa. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Zile tarakimu, zilifika?"

"Zilifika, Mama."

"Zote?"

"Zote. Watu tisini."

Akachukua kile kipande cha waya akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Alikigeuza na kukigeuza. Akasema shuleni mkono ule wa kushoto ulifungwa kwenye dawati kwa kamba mwaka mzima, na Denzil, ambaye mkono huo ndio aliotumia kwa kila kitu, alirudi nyumbani kila siku akijigamba kwamba wamefunga mkono wake mbaya, hawajui. Alicheka. Kaka, sijawahi kusikia kicheko cha namna ile, na sitaki kukieleza.

Nikamwambia kinachokuumiza zaidi ni lile neno ambalo hukulipokea. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

"Miaka ishirini na minne," akasema, "yule hakumaliza sentensi hata moja mezani pangu. Alianza, akatia chakula mdomoni, mimi nikammalizia. Hii nayo nitammalizia mimi. Si kazi ya Alwyn."

Hakuniambia alichommalizia, nami sikuuliza.

Kisha akafuta meza, akaniletea karatasi na kalamu, akaniambia niandike. Haya ni yake:

"Alwyn. Uvae utepe wako. Ulimtoa mwanangu kwenye laini kwa sababu kazi yenu ndivyo ilivyo, na yeye alitoka kwa sababu kazi yenu ndivyo ilivyo, na mtu atakayekuja mlangoni kwangu kusema vingine atakutana na ufagio. Mwanangu hakuwa mtu wa kukaa chini ya mti. Ungemwacha aongee, angeniagiza upuuzi, halafu angetambaa mbele vilevile. Barua sitaki tena. Barua zimenichosha. Uje mwenyewe, ukae kwenye kiti alichokalia Merle, uniambie kwa mdomo wako, na mimi nitakusikiliza hadi mwisho. Mpaka siku hiyo huna ruhusa yangu ya kufa, wala kwa risasi wala kwa malaria. Rodda."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Nikamrudishia neno kwa neno, naye akasema sawa.

Merle